Ngazi ambazo hazikuwamo pichani

Nilihesabu vidato 64. Nilivihesabu nikiwa nyuma ya mama, mkono mmoja umebeba begi lake, mwingine uko tayari kumdaka. Kila baada ya vidato vinane au tisa alisimama, akaegemea ukuta, akavuta pumzi, kisha akasema, "Twende tu, mwanangu." Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nyumba ile ya likizo niliichagua mimi, baada ya wiki mbili za kupekua matangazo mtandaoni usiku kila nikimaliza kazi, na niliichagua kwa ajili yake.

Picha moja ndiyo iliyoniteka: roshani yenye viti viwili vyeupe, meza ndogo katikati, na jua la jioni likizama kule mbele. Nilimwona mama ameketi kwenye kiti cha kushoto. Nilimwona kabisa, na kitenge chake mapajani. Ambacho sikukiona ni kwamba roshani ile ilikuwa ghorofa ya nne, jengo halina lifti, na mama ana goti linalovimba akipanda hata ngazi fupi. Siku nne tulizokaa alishuka mara mbili tu: siku ya pili, na siku ya kuondoka. Ni kweli aliketi kwenye kiti cheupe. Aliketi kwa sababu hakuwa na pa kwenda.

Tuliporudi nyumbani nilifungua lile tangazo upya, nikalisoma kama mtu anayesoma mkataba alioutia sahihi gizani. Maelezo yalisema "ghorofa ya juu yenye mandhari". Na kwenye maoni ya wageni, katikati ya sifa za usafi na ukarimu, mmoja alikuwa ameandika: "Jiandaeni na mazoezi kidogo kabla ya kuyafikia mandhari!" Sentensi hiyo nilikuwa nimeisoma kabla ya kulipa. Nakumbuka nilitabasamu nilipoisoma, nikaendelea.

Tangu siku hiyo sichagui nyumba ya likizo kwa picha, wala sianzi na bei. Naanza na saa. Nachukua siku moja ya safari, siku ya kawaida isiyo na tukio lolote, naipitisha ndani ya ile nyumba. Saa kumi na moja alfajiri, atakayeamka wa kwanza ataketi wapi bila kuwaamsha wengine? Anayeamka usiku kwenda msalani atapita chumba cha nani? Mchana wa jua kali, dirisha la chumba cha watoto linatazama upande gani? Saa nne usiku, aliyelala na anayetaka kusoma wametengwa na mlango, au na pazia tu? Hotelini maswali haya hayana uzito mkubwa, kwa sababu hotelini unalala na kutoka, na likikukera jambo unapiga simu mapokezi. Nyumba ya kupanga unaishi ndani yake. Unaosha vyombo vyake, unajifunza swichi zake, unaujua mlango wake unaolia. Kwa hiyo lazima uichague kama mtu anayetaka kuishi, hata kama ni kwa siku nne.

Wanaodhani jambo hili limeanza na simu za mkononi wanasahau kwamba watu wamekuwa wakikodisha nyumba kwa wasafiri muda mrefu. Ufaransa ina shirikisho la nyumba za mashambani za wageni, Gîtes de France, tangu mwaka 1955. Mwaka 1995 Mmarekani aitwaye David Clouse alifungua tovuti ili apate wapangaji wa nyumba yake ya mapumziko kule Breckenridge, Colorado. Tovuti hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Vrbo, mtandao wa kupangisha nyumba za likizo. Na mwaka 2007 vijana wawili wa San Francisco, Brian Chesky na Joe Gebbia, walitandika magodoro ya kujaza upepo sebuleni mwao na kuwakaribisha wageni watatu wa mkutano wa wabunifu, kwa kuwa hoteli zilikuwa zimejaa. Mwaka uliofuata, wakiwa na Nathan Blecharczyk, wakaanzisha kampuni ambayo leo ni Airbnb, mtandao ambao wenye nyumba hutangaza na wasafiri hupanga. Ukizitazama hadithi hizi unaona mtu anayeijua nyumba yake, anayekupokea mlangoni, na unayeweza kumuuliza. Siku hizi kati yako na yeye kuna picha, nyota zinazotolewa na wageni, na mpangilio wa kompyuta unaoamua tangazo gani ulione kwanza. Mara nyingine hata mwenyeji mwenyewe ni kampuni inayosimamia fleti nyingi, na anayekujibu hajawahi kulala kwenye kile kitanda. Pengo hilo msafiri analiziba mwenyewe kwa macho yake na maswali yake.

Nianze na macho. Picha nyingi za nyumba za likizo hupigwa kwa lenzi pana, na lenzi pana hukifanya chumba cha hatua nne kionekane ukumbi. Inajisaliti pembeni mwa picha: friji iliyo ukingoni inalala kidogo, fremu ya mlango inainama, meza ya duara inakuwa yai. Ukiona hayo, acha kukitazama chumba, tazama kitanda. Kitanda cha watu wawili kwa kawaida kina upana wa sentimita 140 hadi 180, basi kitumie kama rula. Kati ya kitanda na ukuta begi lililofunguliwa litakaa? Na je, kitanda kimesukumwa ukutani upande mmoja? Kama kimesukumwa, mmoja wenu atamruka mwenzake kila akitaka kushuka. Mimi hilo peke yake linatosha kunifanya nipite.

Halafu angalia kisichokuwapo. Tangazo lenye picha tano za mto wa kochi na kikapu cha maua, lakini hakuna picha ya bafu, linakwambia kitu kuhusu bafu. Kukosekana kwa picha ya nje kunakwambia kitu kuhusu mtaa. Madirisha yote yakiwa yamefunikwa pazia mchana, nauliza dirisha linatazama nini. Niliwahi kujibiwa kwa uaminifu kabisa kwamba linatazama ukuta wa jirani, umbali wa mkono mmoja. Nilimshukuru mwenyeji yule kwa moyo wote, nikatafuta kwingine.

Jikoni ndiko ninakokaa muda mrefu zaidi. "Jiko lenye vifaa vyote" ni maneno mepesi sana kuandika. Naikuza picha mpaka nione mafiga mangapi, sufuria ina ukubwa gani, na kama pana sehemu ya kukatia vitu au sinki limekula meza yote. Nimefika kwenye nyumba ya watu sita yenye visahani vinne na kisu kisichokata hata uzi. Siku hizi mfuko wangu wa safari una kisu kidogo, kinachokaa kwenye begi kubwa nisiloingia nalo ndani ya ndege, waya wa kuongezea soketi, tochi, na kitambaa cha kukaushia vyombo. Ni vitu vinne vyepesi, na vimeniokoa mara nyingi kuliko kitabu chochote cha mwongozo.

Kuhusu nyota sitapoteza maneno mengi. Mwaka 2015 watafiti watatu, Georgios Zervas, Davide Proserpio na John Byers, walichambua nyumba za Airbnb na kukuta karibu asilimia 95 zina wastani wa nyota nne na nusu au tano. Kama karibu kila nyumba ni bora, nyota hazikusaidii kuchagua. Sababu yake naielewa, kwa sababu nami ninayo: ni vigumu kumpunguzia alama mtu aliyekuachia funguo zake. Ndiyo maana ukweli hujificha kwenye maneno, na huja umevaa adabu. "Mtaa umechangamka" maana yake hutalala kabla ya usiku wa manane. "Nyumba ni ya kipekee" ni neno la kuulizia. Na wageni wawili wasiojuana wakitaja kitu kilekile kwa maneno tofauti, iwe maji yanayochelewa kupata moto au mbwa wa jirani, chukua hicho kama jambo la hakika. Nasoma ya karibuni kwanza, maana nyumba huchakaa, kisha natafuta maoni ya nyota tatu. Wa nyota moja mara nyingi ana hasira, wa nyota tano ana shukrani, wa nyota tatu ana kumbukumbu. Nasoma pia majibu ya mwenyeji kwa aliyelalamika, kwa sababu ndivyo atakavyonijibu mimi bomba likipasuka.

Kisha maswali. Kabla ya kulipa namwandikia mwenyeji ujumbe mfupi wenye swali moja ambalo jibu lake ni namba. "Habari za leo. Nasafiri na mama yangu mwenye shida ya goti. Kutoka gari linaposimama hadi kitandani, kuna vidato vingapi?" Swali la namna hii halijibiwi kwa "ni rahisi kufikika". Mwenyeji anayeijua nyumba yake atakwambia: viwili langoni, kimoja mlangoni, basi. Asiyeijua, au asiyetaka ujue, atakutumia kiungo cha tangazo uliloshalisoma. Swali lako laweza kuwa la kiti cha mtoto, la kasi ya intaneti kama unafanya kazi, au la saa ya kuingia ndege ikifika usiku. La muhimu ni kwamba jibu linakuja kwa maandishi, ndani ya mfumo uleule wa mtandaoni wa kuhifadhia nafasi, ambako linabaki kama ushahidi. Na mtu yeyote akikwambia toka nje ya mfumo, umlipe moja kwa moja ili akupunguzie, usiende. Rafiki yangu mmoja alikwenda. Alifika na watoto wawili mbele ya jengo ambalo lipo kweli, akapanda hadi mlango ambao upo kweli, akafunguliwa na familia iliyoishi hapo miaka yote na isiyojua habari ya nyumba ya likizo. Picha zilikuwa zimeibwa kwenye tangazo la kuuza fleti jirani.

Ramani nayo ina mambo yake. Kwa kawaida kabla ya kulipa huonyeshwi nyumba ilipo hasa, unaonyeshwa duara. Mimi huchukua ukingo mbaya zaidi wa duara, ule ulio karibu na barabara kuu, nikajiuliza: nikiwekwa hapa nitaridhika? Kama jibu ni hapana, duara zima naliacha.

Na hesabu ya fedha: usitazame bei ya usiku mmoja. Ada ya usafi kwa kawaida ni ileile ulale usiku mmoja au saba, kwa hiyo ndiyo inayoifanya nyumba ya "bei nafuu" kuwa ghali kwa safari fupi. Nchini Marekani kanuni iliyoanza Mei 2025 inawataka watangazaji wa malazi ya muda mfupi waonyeshe jumla, pamoja na ada za lazima, tangu mwanzo. Kwingineko jumlisha mwenyewe, gawa kwa idadi ya siku, ndipo ulinganishe.

Hesabu hiyo inanipeleka kwenye jambo ninaloliamini kuliko yote: usipange nyumba kwa usiku mmoja. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Masako Tamaki na Yuka Sasaki wakiwamo, walionyesha kwamba usiku wa kwanza mahali pageni nusu moja ya ubongo hailali sawasawa na nyingine; inabaki kama mlinzi, inashtuka kwa sauti ndogo. Kila msafiri anaujua usiku huo. Unasikia friji ikinguruma, unasikia mtu asiyekuhusu akifunga mlango ghorofa ya chini, unaamka hujui dirisha liko upande gani. Usiku wa pili ndio unaolala. Siku ya tatu ndiyo unayoamka ukajua bila kufikiri kwamba taa ya bafu iko nje ya mlango. Anayekaa usiku mmoja analipa ada yote ya usafi na kuondoka kabla nyumba haijamzoea.

Kwa hiyo siku ya kufika sitoki. Wenzangu wamelizoea hilo. Nafungua madirisha yote, nanusa. Natafuta njia ya kutokea kukitokea moto, na kuhakikisha mlango unafunguka kwa ndani bila kuhangaikia ufunguo. Kama maji yanapashwa moto kwa gesi, nataka kuona mashine iko wapi na moshi wake unatokea wapi, maana kaboni monoksidi, gesi ya sumu, haina rangi wala harufu, nayo huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, dalili ambazo msafiri atasingizia uchovu. Kama wote mnaumwa kichwa ndani na mnapata nafuu mkitoka nje, tokeni wote, mwite msaada, msirudi. Vipo vitambuzi vidogo vya gesi hiyo vya kubeba, mimi ninacho. Natazama pia kama kuna kamera. Airbnb ilipiga marufuku kamera zote za ndani ya nyumba kuanzia mwisho wa Aprili 2024, hata zile zilizotajwa kwenye tangazo, kwa hiyo ukiikuta kamera sebuleni kwenye nyumba uliyoipanga kwao huna haja ya kuona haya kuiripoti. Napiga picha za kila chumba kabla mabegi hayajafunguliwa. Kasoro kubwa nairipoti siku hiyohiyo, sisubiri kuondoka.

Baada ya hapo naosha kikombe kimoja, najaza birika, na kusogeza kiti. Kila nyumba ina kiti kimoja kilichowekwa mahali pasipo pake, kwa ajili ya picha. Nakitoa, nakipeleka dirishani au mlangoni, penye upepo. Kuanzia hapo nyumba inakuwa yetu.

Ila jengo linabaki la wengine, na hili naliomba kwa dhati kwa yeyote anayesafiri. Usiku mmoja kwenye fleti niliyopanga nilifika saa saba, nikaburuta begi la magurudumu kwenye ushoroba wa vigae. Mlango ukafunguliwa, mama wa makamo akatoka amejifunga khanga ya kulalia, mtoto mchanga begani. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Kila usiku, kaka. Kila usiku kuna mtu mpya na begi." Nililibeba lile begi juu hatua zilizobaki, na sijawahi kuburuta begi ndani ya jengo usiku tangu hapo. Maneno yake nayakumbuka ninaposoma kwamba New York tangu Septemba 2023 inasimamia kwa ukali sheria inayomtaka mwenyeji anayepangisha kwa chini ya siku 30 awe amesajiliwa na awepo nyumbani, au kwamba Barcelona imetangaza kutohuisha leseni za fleti za watalii, ili ifikapo Novemba 2028 zisiwepo. Mji ukiwa na sheria ya usajili, nataka kuona namba ya usajili kwenye tangazo. Nyumba isiyo nayo yaweza kufutwa wiki moja kabla ya safari, na pia sipendi kulala mahali ambapo kulala kwangu kumemnyima mtu makazi.

Mwaka juzi nilimchukua mama tena. Alisita, najua alikuwa anazikumbuka zile ngazi. Nilimsomea jibu la mwenyeji kwa simu, neno kwa neno: hakuna kidato, mlango ni mpana, bafu lina kishikio cha chuma, kuna kibaraza upande wa mashariki. Picha zake zilikuwa za kawaida, moja hata ilikuwa na ukungu. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kibaraza kina kivuli asubuhi?" Nikamwandikia mwenyeji. Akajibu: jua linafika saa tatu, kabla ya hapo ni kivuli.

Tulikaa siku sita. Kila alfajiri nilimsikia akifungua mlango taratibu, akiburuta kandambili zake hadi kibarazani. Siku ya kwanza alikifagia kibaraza, ingawa kilikuwa safi. Siku ya tatu nilimkuta amekigeuza kiti kitazame lango, na anasalimiana na wapita njia kwa majina. Jioni alikwenda mwenyewe hadi mwisho wa barabara na kurudi, mara ya kwanza peke yake, mara ya pili akiwa na mwanamke wa nyumba ya tatu ambaye naye, alinieleza baadaye, ana goti.

Siku ya kuondoka alikunja shuka akaziweka mwishoni mwa kitanda, akahakikisha gesi imefungwa, akatoka, akarudi akakigeuza kiti kama tulivyokikuta. Ndani ya gari nilifungua simu niandike maoni yangu. Mama akainama kuangalia ninachoandika. "Andika vidato," akaniambia. Nikafuta yale ya mwanzo kuhusu ukarimu na utulivu, nikaanza upya: "Hatua kumi na moja kutoka langoni hadi kitandani. Hakuna ngazi. Kibaraza kina kivuli mpaka saa tatu asubuhi."